Orodha Nyuma ya Daftari la Madeni

Mbele ya daftari, mwandiko wa mama:
Mwalimu Yeri, bajia za ishirini.
Fundi wa baiskeli, viazi, mara tatu, bado.
Nyuma, ukiligeuza juu chini, mwandiko wangu:
elfu ishirini na sita,
mstari, na chini ya mstari
kila kitu ninachokitaka.

Nilianza na kadi ya picha, kama kila mjinga.
Ile yenye feni tatu na taa za harusi.
Famau, kibandani kwake nyuma ya soko,
hakucheka. Aliinua macho kutoka kwenye bisibisi:
"Kamba hukatikia pembamba, Nyevu.
Kadi hii itaisubiri prosesa yako
kama bibi harusi ambaye bwana kakwama Gongoni."

Nikafuta.

Hoteli moja ya Kasuarina ilikuwa imefunga milango,
kompyuta za mapokezi zikauzwa kwa lundo,
bado zina vibandiko: *Funguo zirudishwe saa nne.*
Elfu kumi na moja. Prosesa ya miaka minane,
ramu ya nane, na ubao mama
wenye kutu ya chumvi kwenye skrubu.
(Jina hilo nililipenda. Hata mashine
ina mama anayewashikilia wote wasianguke.)

Nikaisugua meno ramu kwa ufutio wa shule,
nikaipiga feni mswaki,
likatoka vumbi na mchanga wa likizo za watu.

Halafu hesabu ikaanza kuuma.
Ramu ya pili, elfu moja mia nane.
Diski isiyozunguka, elfu mbili mia nane,
maana ile ya hoteli inakoroma.
Kasha la umeme ni dogo, plagi zake za ajabu,
halipokei mgeni. Basi kadi iwe ile
isiyodai waya wake,
inayokula inachopewa na ubao, ikanyamaza.
Zilikuwepo mbili:
ya elfu tisa na nusu, na ya elfu saba.

"Tofauti yake?"
"Kwa hii," Famau akasema, "utaona majani yakitikisika.
Kwa hii, utajua kwamba kuna majani."

Nililala na hayo majani.
Nilitaka yatikisike, sitasema uongo.
Lakini ningebaki na mia tisa,
na hedifoni yenye maiki ni elfu moja mia sita.

Kombe yuko Doha, mlinzi wa jengo
ambalo hajawahi kupanda ghorofa yake ya pili.
Kompyuta wamechanga watu watano chumbani,
kila mmoja na usiku wake. Yeye ni Ijumaa.
Saa ya Doha na saa ya Malindi ni moja,
jambo ambalo nilidhani lingesaidia zaidi.

Nikafuta majani.
Nikaandika: hedifoni.
Chenji ikaenda kwenye tokeni za stima na bando,
na skrini ni televisheni ya sebuleni,
kwa mkataba: tamthilia ya mama kwanza.

Ijumaa ya kwanza, giza tupu.
Nilitoa jasho nusu saa
hadi nikaona waya wa picha nimeuchomeka kwenye ubao,
wala si kwenye kadi.
(Famau asiambiwe.)

Kisha uwanja ukafunguka, rangi zake za kufuliwa mno,
na mtu mmoja mwenye kofia nyekundu akanikimbilia.
"We Nyevu! Mbona hutembei, unaruka ruka?"
"Ni kadi ya elfu saba."
"Na huko nyuma, hiyo kelele? Feni?"

Nikageuka. Mlango wa uani ulikuwa wazi.
Mama alikuwa akitosa viazi kwenye karai.

"Mafuta," nikasema.

Kofia nyekundu ikasimama katikati ya uwanja,
mahali ambapo hata mtoto hasimami.
Risasi zikaja kutoka kila upande.
Alikufa yeye, nikafa mimi,
namba zikaanza kuhesabu kurudi nyuma,
kumi, tisa,
naye akasema taratibu, kama mtu anayechungulia,
"Usiizime maiki.
Tuanze tena, lakini usiizime."